Bwana Yangu Anajua Kuogelea

Kikula nzima, mtaa wetu wa Likasi, ilijua kwamba Marceline alikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza, Marceline alimzalia watoto, akamzika, akamlilia ipasavyo. Wa pili alimfuta makamasi. Huyo wa pili ndiye Hervé, mtoto wa binti yake mkubwa aliyefariki, na kwa desturi yetu mjukuu wa kiume ni bwana wa nkambo yake, yaani bibi yake, apende asipende. Bwana anaweza kusema bukari ya mkewe, ugali wake, ni ngumu kama tofali, na mke anaweza kujibu kwamba hajawahi kuona bwana anayekojolea godoro, na hakuna atakayeita wazee waamue kesi. Hervé mdogo alipotoka shuleni alisimama mlangoni na kupaza sauti, "Muke yangu! Bwana yako amefika na njaa!" Majirani walicheka kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Bwana huyo akakua, akaota ndevu za kuhesabika, akashuka Afrika ya Kusini kama vijana wengine wanavyoshuka. Huko akapata kazi ya kuosha masufuria ndani ya meli. Si meli ya mizigo. Ni meli ya wazee wenye mali, wanaolipa ili wazungushwe baharini, wale, walale, kisha wazungushwe tena.

"Ni kama Likasi muzima inaelea," alimwambia nkambo kwa simu. "Kuko kanisa, kuko mwenye kunyoa bantu nywele, kuko hata piscine ya kuogelea. Mayi juu ya mayi!"

"Na banamuke beko?"

"Beko wengi, muke yangu. Lakini bote beko na miaka yako."

Marceline alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa bado anawasimulia wauza mboga wenzake sokoni maneno hayo siku Glody alipopiga simu. Glody ni kijana wa Lubumbashi aliyefanya kazi na Hervé jikoni kule melini. Alisema hivi. Meli ilisimama kwenye bandari ya kisiwa fulani, kisiwa chenye jina ambalo ulimi wa Marceline ulikataa kulibeba. Abiria walishuka kununua kofia. Wafanyakazi nao walipewa ruhusa ya saa chache, na Hervé, Glody na mwenzao mmoja wakakodi mashua ndogo ya tanga pamoja na mwenye mashua, wazunguke kidogo, waonje wanachoonja matajiri, kisha warudi kwenye masufuria yao. Upepo ukageuka. Mashua ikapinduka, ikanywa maji, ikazama pamoja na mlingoti wake. Wengine waliokotwa na wavuvi. Hervé hakuonekana. Walimtafuta mpaka jua likaenda, ndipo meli ikapiga honi. Meli ya namna ile ina bandari nyingine inayoingoja. Haijui kuketi kilio.

Blandine, binti mdogo ambaye Marceline anaishi naye, alitupa kitambaa cha kichwa na kuanza kulia. Mama yake akamshika mkono.

"Nyamaza! Uko nalilia nani?"

"Hervé, mama."

"Maiti iko wapi?"

"Iko mu bahari."

"Basi muntu hana maiti, na anajua kuogelea, weye unalia nini? Bwana yangu anajua kuogelea. Eko pa kisiwa fulani, anakula samaki ya bantu bure."

Na hapo neno likakwama. Katika nyumba ile hakuna angeweza kufungua kilio Marceline akikataa. Wajomba wa Blandine walikuja na viti vyao, wakarudi navyo. Vijana walikuwa wamekata matawi ya mitende ili wayasimamishe kando ya barabara, watu wajue kuna msiba. Marceline aliwapa mbuzi wa jirani matawi yale. Padri alipendekeza misa ya marehemu. Marceline akamwambia, kwa heshima zote, asome ya wasafiri.

Msimcheke. Aliogopa. Kumlilia mtu aliye hai ni kumsukuma shimoni kwa mikono yako. Lakini Blandine naye aliogopa, na woga wake haukuwa wa kijinga pia. Mfu asiyeliliwa hana mahali pa kukaa. Anazunguka nje ya nyumba, anasikia vijiko vikigonga sahani, na hakuna anayemwambia karibu.

Siku moja Blandine akachoka. Mbele ya wajomba wote akasema, "Mama, unasema Hervé alijua kuogelea. Ulimuona?"

Marceline hakumwona. Marceline aliogopa hata mvua. Lakini kila konje, shule zilipofungwa, Hervé alikwenda kwa Isidore, mdogo wake Marceline, aliyeacha kazi ya kiwandani zamani, akaoa mwanamke wa ziwani Tshangalele, akawa mvuvi. Mtoto alirudi na macho mekundu, ananuka samaki, anajisifu kwamba anakata lile ziwa kama mamba. Mtu anayenuka samaki hivyo utamwambia hajui maji?

"Isidore alimuona," akasema.

"Basi Isidore akuye aseme hapa. Akisema Hervé alijua, tutangoja pamoja na weye. Akisema hapana, tunatandika mukeka."

"Nitamuleta mi mwenyewe. Na mutanipikia kuku."

Akafunga kikwembe kizuri, akaazima simu ya Blandine, ile ya kugusa, kwa sababu ndani yake kulikuwa na video ya Hervé ambayo Glody aliituma siku ile, kabla mashua haijapinduka. Akashuka kwenye gari Kapolowe barabarani, akapanda pikipiki mpaka ziwani, amefumba macho njia nzima huku akimwambia dereva kwamba kama anataka kumwoa aseme, asimbane hivyo.

Isidore alikuwa ameketi kwenye majani, anashona wavu. Alipomwona dada yake alisimama, wavu umemning'inia vidoleni, akamwita kwa sauti ya kilio, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa.

"Yaya..."

"Usinililie. Sikuya juu ya kulia. Nimekuya kukuchukua, wende useme mbele ya Blandine na bale bajomba bake ba matumbo kwamba Hervé alijua kuogelea."

Isidore akatazama viatu vya dada yake. "Umekula, yaya?"

"Nimekula njiani."

"Muke yangu iko na samaki ya moto..."

"Isidore, nimekuuliza neno."

Hakumuuliza, alimwagiza tu, lakini Isidore hakubishana. Akaendelea kutazama viatu. Marceline akageuka kuelekea ziwa. Lilikuwa limelala pale, pana, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na mbali vichwa vya miti mikavu iliyofunikwa na maji vimetokeza kama vidole. Ndilo hili, basi. Miaka yote ile lilimchukua bwana wake kila konje na kumrudisha.

"Nipandishe," akasema.

"Weye? Ku mayi?"

"Bwana yangu alipanda boti ya tanga. Nataka nione utamu yake ni nini. Kisha tutaenda Likasi."

Isidore alikubali haraka mno, kama mtu aliyeombwa kitu chochote isipokuwa jibu. Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao, umezibwa kwa lami hapa na pale. Tanga lake lilikuwa bango kubwa la mgombea mmoja wa uchaguzi uliopita. Nusu ya uso ilibaki, na jicho moja, na neno "Maendeleo". Marceline alimtambua.

"Huyu si alishindwa?"

"Alishindwa. Lakini huku anasukuma muzuri."

Akamketisha dada yake kwenye ubao wa katikati. Kisha akatoa kamba ya mpira, kipande kirefu kilichokatwa kwenye utumbo wa tairi, akamzungushia kiunoni, akaifunga kwenye ubao kwa fundo la mara mbili.

"Weye! Minye mbuzi?"

"Kila muntu anafungwa, yaya."

"Na weye?"

"Na minye." Akajifunga ya kwake.

"Aah! Muvubi muzima!"

"Niko muvubi, yaya. Siko samaki."

Marceline akacheka. Kicheko kilikuwa kimefika katikati kiliposimama. Akaangalia ile kamba tumboni pake, kisha mgongo wa mdogo wake aliyekuwa akisukuma mtumbwi kwa mti mrefu. Upepo ukamshika mgombea shavuni, akavimba, na ufuko ukaanza kurudi nyuma pamoja na nyavu na watoto na mbwa.

"Na Hervé," akauliza, "ulimufunga mpaka siku gani?"

Isidore akavuta kamba ya tanga.

"Isidore. Mpaka alipojua, si ndiyo?"

"Hakujua, yaya."

Maji yalipiga mbao, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi bila kutarajia kufunguliwa.

"Huku hakuna mwenye anajua," Isidore akasema, na sasa maneno yalimtoka yote pamoja. "Minye sijui. Bakwe zangu habajui. Chini kuko matope na majani inashika miguu, siku zingine kuko mamba. Nani ataingia ajifunze? Tunajifunga. Mutumbwi ikipinduka, mbao inabaki juu. Unajivuta na kamba, unashika, unangoja benzako bakuye. Njo kazi yetu tangu zamani. Hervé alikuwa anajifunga mwenyewe, muzuri kunipita."

"Aliniambia anakata ziwa kama mamba."

"Alikuogopa. Alisema, nikimwambia muke yangu sijui, hataniachia nirudi konje ingine. Na minye nilinyamaza, juu nilipenda akuye."

Mtu mwingine angelia hapo. Marceline alikuwa mbishi tangu ubatizo. Padri alimwaga maji, yeye akayapuliza. Akatafuta njia ya kupita.

"Huko melini kuko piscine," akasema. "Alijifunza kule. Bakubwa wakilala, batoto ba kazi banaingia. Weye unajua nini? Angaria mwenyewe. Muntu mwenye hajui mayi anacheka hivi?"

Akatoa simu ndani ya kikwembe, akaifuta, akabonyeza kama Blandine alivyomfundisha. Isidore hakuwa ameiona video ile. Simu yake ilikuwa ya kuita na kuitwa tu. Akainama. Juani, kwenye mashua nyeupe inayong'aa kama karai jipya, alikuwepo Hervé, na kelele za upepo, na Glody anacheka nyuma ya simu. "Muke yangu!" Hervé alipaza sauti. "Ona bwana yako! Leo siko boyi ya masufuria, niko kapiteni!" Akapiga saluti. Kisha akainama, akashughulika na kitu kiunoni, akakikaza, akakipigapiga kwa kiganja kama mtu aliyemaliza kufunga mzigo. Picha ikatikisika, ikaisha.

"Unaona?" Marceline akasema. "Amekonda tu. Hata suruali inamuanguka, anaifunga na kamba. Nilimwambia chakula ya bazungu ni maua matupu."

"Rudisha," akasema Isidore.

Akarudisha. Isidore aliangalia mpaka mwisho, akaomba tena. Mara ya tatu hakuwa anaangalia uso. Kisha akainua macho kutoka kwenye simu, akayashusha kwenye kiuno cha dada yake, kwenye lile fundo la mara mbili, na akabaki hapo.

"Yaya. Ile boti yao ilikuwa ya mbao?"

"Mbao wapi! Glody anasema ni plastiki nguvu, na chini kuko chuma nzito ili isimame."

"Na ilizama?"

"Si nimekuambia? Yote. Na mlingoti."

Isidore akaachia kamba ya tanga. Mgombea akakunjamana, akalala. Mtumbwi ukasimama katikati ya maji, na ndipo Marceline akajua, kama unavyojua kwa harufu kwamba sufuria imeungua, kabla hujafika jikoni. Wenzake mashua iliwatupa, wakaelea. Yeye alijifunga. Alifanya alichofundishwa, vizuri, kwa fundo zuri, juu ya chombo kisichojua kubaki juu.

"Minye njo nilimufundisha," Isidore akasema. Akaanza kulia kwa sauti ndogo ya ajabu, kama mlango usiotiwa mafuta.

Marceline hakulia. Aliweka simu ndani ya kikwembe. Akatazama maji ya Tshangalele kwa muda mrefu, akijaribu kuona chini, na chini hakukuonekana kitu.

"Basi hazunguki," akasema mwishowe. "Blandine anasema anazunguka inje ya nyumba. Hazunguki. Eko pahali moja."

"Batauliza nani alimula," Isidore akasema. "Bajomba. Batauliza. Nitasema ni minye."

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu kifo hakiji chenyewe tu. Lazima mtu awe amekituma, na katika kila kilio kuna saa ambayo wazee wanatazamana na kumtafuta aliyemla marehemu. Wakimwona mtu na kamba mkononi, hata miaka mia haitamtoa lawamani.

"Hautasema," akasema Marceline.

"Yaya..."

"Kila mwaka ulimufunga na hii kamba, na kila mwaka alinirudilia muzima. Ile ingine ni ya bahari. Nimekuita shahidi juu ya neno moja: alijua ao hakujua. Utasema hilo neno, na utanyamaza. Nimekwisha kupoteza bwana. Unataka nipoteze na ndugu? Simamisha huyu muntu wa maendeleo, turudi."

Wakarudi ufukoni. Mtumbwi ulipogusa mchanga, Isidore alifungua kamba yake, akaja na kisu ili amkatie.

"Acha," akasema Marceline. "Nitafungua mi mwenyewe."

Akashika lile fundo. Lilikuwa limelowa na kukaza. Akalivuta huku, akalisukuma kule. Akaingiza ukucha, ukucha ukavunjika. Akainama, akajaribu kwa meno machache aliyobaki nayo, na ladha ya mpira na matope ikamjaa kinywani. Alikuwa ameketi nchi kavu, mchana kweupe, anapumua hewa ya Mungu apendavyo, hakuna aliyemharakisha. Fundo halikusogea. Watoto wa ufukoni walisimama kumtazama bibi anayepigana na tumbo lake.

Mikono yake ikaanguka mapajani.

"Ulimufundisha kufungua?" akauliza.

Isidore alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini.

"Nilimufundisha kufunga tu, yaya. Kufungua ilikuwa kazi yangu."

Ndipo alipolia. Alilia amefungwa pale pale kwenye ubao, na hakumruhusu mtu amguse mpaka alipomaliza sehemu ya kwanza, kwa maana kilio cha namna hiyo kina sehemu nyingi.

Kesho yake walifika Kikula pamoja. Wajomba walikuwa wamekwisha kukaa, Blandine yuko mlangoni na mikono kifuani, na kuku alikuwa amepikwa kweli. Ahadi ni ahadi. Mjomba mkubwa akakohoa, akamwita Isidore katikati.

"Isidore, sema kweli mbele ya jamaa. Mutoto alijua kuogelea?"

Isidore akafungua kinywa. Ndani ya kinywa kile kulikuwa na neno moja na nyuma yake kulikuwa na lingine linasukuma, Marceline aliliona likija. Akasimama mbele yake.

"Hakujua," akasema yeye. "Alinidanganya. Ni mwanaume. Munafikiri nini? Kama bwana yangu wa kwanza, aliniambia anajua kucheza muziki, tukaoana, akanikanyaga vidole mpaka kufa. Banaume bote ni moja. Anakuambia anakata ziwa kama mamba, kumbe anaketi tu mu mutumbwi kama gunia ya unga!"

Mjomba mkubwa alicheka kabla hajajizuia. Mwingine akacheka kwa kumcheka yeye. Hata Blandine pua yake ilitoa mlio. Kicheko kilizunguka uwanja mzima, kikarudi kwa Marceline, na kila mtu akaona kwamba uso wake hakikuufikia.

Akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele zake nyeupe chache zikasimama. Akaingia ndani, ambako kwenye kilio cha kijana asiyeoa mahali pa mjane hubaki patupu, akavua viatu, akakaa hapo kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, mgongo ukutani. Hakuna aliyemwambia si pake. Blandine akaja, akaketi kando yake, akalaza kichwa kwenye bega lake, na akapaza sauti ya kwanza, ile ndefu, ambayo barabara nzima ilikuwa inaingoja tangu Glody alipopiga simu. Nje vijana walikwenda kukata matawi mengine. Viti vikaanza kufika, vya majirani, vya kanisa, vya baa.

Wanawake waliingia mmoja mmoja. Mado, mwuza mboga mwenzake, mcheshi kama yeye, alipiga magoti mbele yake. "Pole, mujane," akasema. "Lakini mujane gani haina meno?" Kisha akashindwa kuendelea, akamkumbatia.

Kutoka pale alipoketi, Marceline aliona sehemu ya uwanja kupitia mlangoni. Wanaume walikuwa wamewasha gogo. Isidore alikuwa kwenye kiti cha mwisho, mbali na wenzake, mikono katikati ya magoti, kichwa chini. Mtu alimpelekea sahani ya kuku. Aliipokea, akaiweka mchangani. Mabega yake yalianza kwenda juu na chini, na mjomba mkubwa aliyekuwa jirani akageuka kumwangalia, kama mtu anayejiuliza jambo.

"Imbeni," Marceline akawaambia wanawake.

"Tuko naimba, mama."

"Hamuimbi, munanong'ona. Imbeni na nguvu!"

Wakaimba na nguvu. Akawapigia makofi waongeze, wakaongeza, mpaka mabati yakatetemeka, na mjomba mkubwa akageuza shingo kuelekea nyumba. Nyuma yake Isidore akalia jinsi alivyotaka, na hakuna aliyesikia kwamba analia kuliko mdogo wa nkambo anavyopaswa kulia.